Yoga na Wasiwasi: Kutenganisha Yaliyochanganywa

Kila inapofika tarehe 21 Juni, balozi za India katika miji ya Afrika Mashariki huandaa mikusanyiko ya yoga. Mikeka hutandikwa, watu wa rika zote hujinyoosha pamoja, na siku mbili tatu baadaye maswali yaleyale yanarudi. Muumini anamuuliza shehe au mchungaji wake kama ni halali. Mgonjwa anamuuliza muuguzi kama anaweza kuacha vidonge akashika mazoezi ya kupumua. Ofisa utumishi anatafuta mwalimu wa kuja mara moja kwa wiki kuwatuliza wafanyakazi waliochoka. Wote wanauliza kuhusu yoga, lakini hawaulizi kitu kimoja, na majibu wanayopewa yanagongana kwa sababu hiyo.

Hapa tutajaribu kufumua fundo hilo. Inasaidia nini, inamsaidia nani, na kwa gharama gani? Majibu ya maswali hayo matatu hayako mahali pamoja.

Neno moja, hali tofauti

Mkanganyiko wa kwanza umo ndani ya lugha yetu. Mtu akisema "nina mawazo", hasemi kwamba anafikiri. Anasema kuna jambo linamtafuna. Basi akiambiwa akakae peke yake atafakari, anachosikia ni kwamba akawaze zaidi. Wengi hujaribu siku moja na kuacha, na wana sababu. Wamekaa kimya dakika kumi, na katika dakika hizo kodi ya nyumba imewajia ikiwa kubwa kuliko ilivyokuwa asubuhi.

Neno "wasiwasi" nalo limebebeshwa mengi. Kuna msongo wa kila siku: ada, foleni, bosi, mtoto mwenye homa. Kuna hofu yenye sababu dhahiri, kama ya mama anayelala karibu na mume anayempiga. Halafu kuna ugonjwa, pale hofu inapodumu kwa miezi bila kuachia, ikaondoa usingizi, ikakaza misuli ya shingo, ikaupeleka moyo mbio hata mtu amekaa. Wagonjwa wa aina hii huonekana sana kwenye vyumba vya kupimia presha. Wanapimwa moyo, wanapimwa tezi, vipimo vinatoka safi, wanarudishwa nyumbani na dawa ya maumivu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na ugonjwa wa wasiwasi, na ni kama mmoja tu kati ya wanne anayepata matibabu yoyote.

Kinachomfaa mtu wa kundi la kwanza huenda kisimtoshe wa tatu, na wa kundi la pili anahitaji mlango wa kutokea kabla hajahitaji utulivu. Sehemu kubwa ya ubishi kuhusu yoga inatokana na kusahau tofauti hiyo.

Yoga ipi?

Upande wa pili nao una neno moja linalobeba mambo mengi. "Yoga" limetoka kwenye Kisanskriti, katika mzizi wenye maana ya kufunga nira, kuunganisha. Katika matini ya kale ya Patanjali, mikao ya mwili inagusiwa kwa maneno machache tu. Mkazo uko kwenye maadili, pumzi na kuituliza akili hadi ifikie ukombozi wa kiroho. Mtawa wa Kihindu Swami Vivekananda, aliyewavutia Wamarekani mjini Chicago mwaka 1893, hakuwa na hamu kubwa na mikao ya mwili.

Yoga ya kuruka, kupinda na kutoka jasho ni ya karibuni zaidi. Ilijengwa kwa kiasi kikubwa mjini Mysore katika miaka ya 1930, chini ya mwalimu Krishnamacharya aliyelindwa na jumba la kifalme. Mtafiti Mark Singleton ameonyesha jinsi ilivyochota pia kwenye mazoezi ya viungo ya Ulaya yaliyokuwa yameenea India wakati wa ukoloni. Wanafunzi wa mwalimu huyo ndio walioisambaza: Indra Devi alifungua darasa Hollywood mwishoni mwa miaka ya 1940, na kitabu cha B.K.S. Iyengar cha mwaka 1966 kikawa mwongozo wa walimu duniani.

Tawi la kutafakari lilipita njia nyingine. Mwaka 1979, katika chuo cha tiba cha Massachusetts, Jon Kabat-Zinn alichukua mbinu za Kibudha, akaziondolea maneno ya dini na kuzipanga kama kozi ya wiki nane kwa wagonjwa wenye maumivu sugu. Kozi hiyo ndiyo iliyopimwa zaidi na watafiti, na ndiyo mama wa programu nyingi za simu zinazouzwa leo.

Kwa hiyo mkeka mmoja unaweza kubeba mazoezi ya viungo, zoezi la pumzi na makini, au njia ya kiroho. Asiyeuliza ni ipi anayopewa hajui anachonunua.

Kinachotokea mwilini

Mtu akistuka, mwili humwaga adrenalini. Moyo unaongeza kasi, mabega yanapanda, pumzi inahamia juu kifuani na kuwa fupi. Hatari ikipita, hali hurudi. Tatizo la msongo wa kila siku ni kwamba hatari haipiti: simu inalia tena, deni liko palepale, na mwili unabaki mguu mmoja mbele tayari kukimbia.

Mapigo ya moyo hayapokei amri. Hakuna anayeweza kuuambia moyo wake utulie ukatii. Lakini pumzi inaendeshwa na pande mbili: inakwenda yenyewe tukiwa usingizini, na inatutii tukitaka kuimba, kupiga mbizi au kupuliza moto. Hapo ndipo kuna mpini wa kushikia.

Zoezi lenyewe ni jepesi kulieleza. Mtu analala chali au anaketi mgongo ukiwa umeegemea ukuta, kiganja kimoja juu ya kitovu na kingine kifuani. Anavuta hewa kwa pua akihesabu hadi nne, taratibu, hadi kile kiganja cha chini kiinuke na cha juu kibaki kimetulia. Kisha anaitoa akihesabu hadi sita, bila kuisukuma. Hapo pumzi imeshuka kutoka kama kumi na tano kwa dakika hadi sita. Kwa mwendo huo mapigo ya moyo huongezeka kidogo hewa inapoingia na kupungua inapotoka, na mfumo unaosawazisha shinikizo la damu hufanya kazi vizuri zaidi. Dakika chache zinatosha kwa wengi kuhisi taya zimelegea. Kiswahili kilishaona uhusiano huu zamani: pumzi, kupumua na kupumzika ni watoto wa mama mmoja, na aliyeondokewa na hofu tunasema ameshusha pumzi.

Mwaka 2001 watafiti wa Italia wakiongozwa na Luciano Bernardi walichapisha jaribio dogo la watu wazima 23 wenye afya. Waliwataka wasome sala ya Salamu Maria kwa Kilatini kama inavyosomwa kwenye rozari, na tena wakariri mantra ya yoga, yaani maneno yanayorudiwarudiwa. Zote mbili zilishusha pumzi hadi karibu mara sita kwa dakika, na zote mbili ziliimarisha mfumo wa shinikizo la damu. Mwili haukuonekana kujali maneno yametoka wapi.

Kazi ya pili ni ya akili. Mwenye wasiwasi hukimbizana na fikra moja hadi imzae nyingine. Katika kutafakari kwa aina ya Kabat-Zinn, mtu hazuii fikra. Anaiona ikija, anaitambua ("hii ni hofu ya kesho"), kisha anarudi kwenye pumzi. Itakuja tena mara hamsini, na atarudi mara hamsini. Zoezi ni kule kurudi. Wengi hudhani wameshindwa kwa sababu akili haikukaa kimya, kumbe hakuna aliyewaahidi ukimya.

Ushahidi una uzito gani?

Watetezi wana takwimu za kweli mkononi, na wakosoaji pia.

Mwaka 2014 jarida la tiba la Marekani, JAMA Internal Medicine, lilichapisha mapitio ya majaribio 47 yenye washiriki 3,515. Programu za kutafakari zilipunguza wasiwasi kwa kiasi cha wastani, na ushahidi kuhusu msongo wa kawaida ulikuwa dhaifu zaidi. Waandishi waliongeza jambo ambalo matangazo hayalitaji: hawakuona kwamba kutafakari kunashinda tiba nyingine, kama mazoezi ya viungo, dawa au tiba ya mazungumzo.

Majaribio mawili yaliyofuata yanafaa kusomwa pamoja. La kwanza liliwahusisha watu wazima 226 wenye ugonjwa wa wasiwasi wa jumla, waliogawanywa katika yoga ya kundalini, tiba ya mazungumzo inayobadili fikra na mwenendo, na elimu ya kawaida ya kukabili msongo. Waliopata nafuu ya maana walikuwa asilimia 54.2 kwa yoga, 70.8 kwa tiba ya mazungumzo na 33 kwa elimu. Miezi sita baadaye tiba ya mazungumzo ilikuwa bado inaishinda elimu. Yoga haikuwa tena na ushindi huo. La pili, lililoongozwa na Elizabeth Hoge na kuchapishwa mwishoni mwa mwaka 2022, liliweka kozi ya wiki nane ya kutafakari mkabala na escitalopram, dawa ya kutibu wasiwasi, kwa wagonjwa 276. Ukali wa ugonjwa ulishuka kwa viwango vilivyokaribiana sana. Karibu wanane katika kumi wa waliomeza dawa walipata angalau dhara moja linalohusishwa nayo, wakati kwa kozi ni kama asilimia 15.

Habari hiyo ya pili ilitangazwa kana kwamba vidonge vimepitwa na wakati. Haikusema hivyo. Washiriki walijua wanachopewa, kwa kuwa hakuna namna ya kumpa mtu kozi bandia ya kutafakari asigundue, na matumaini pekee huleta nafuu. Tena kozi yenyewe ilidai darasa la saa mbili na nusu kila wiki, siku nzima ya mazoezi, na dakika 45 nyumbani kila siku. Mwanamke anayeamka saa kumi alfajiri kukanda unga wa chapati atazipata wapi? Kidonge kina madhara yake, lakini kinamezwa kwa sekunde moja. Hapa ndipo kuna mabadilishano ya kweli: unalipa kwa mwili au unalipa kwa muda, na muda wa maskini ndio ghali zaidi kwa kuwa haununuliki.

Kuna onyo jingine, kutoka Uingereza. Jaribio kubwa lililopewa jina MYRIAD lilipeleka mafunzo ya kutafakari kwa wanafunzi zaidi ya 8,000 katika shule 84. Matokeo ya mwaka 2022 yalionyesha hawakufaidika kuliko wenzao waliopata masomo ya kawaida ya stadi za maisha. Mtu mzima anayeteseka na aliyejiandikisha kwa hiari si sawa na mtoto aliyeambiwa na mwalimu afumbe macho.

Hoja ya imani

Wanaopinga kwa sababu za dini mara nyingi hujibiwa kwa dharau, na si haki. Kihistoria wana hoja: yoga ilizaliwa kama njia ya kiroho. Hindu American Foundation ya Marekani imefanya kampeni kulalamikia yoga kuvuliwa asili yake ya Kihindu. Kama wenyewe wanasema ni yao na ina dini, muumini wa dini nyingine si mshamba akisita.

Viongozi wa dini waliolichunguza suala hili kwa kina hawakuishia kwenye "ndiyo" au "hapana" tupu. Baraza la fatwa la Malaysia lilipiga marufuku yoga kwa Waislamu Novemba 2008, na waziri mkuu wa wakati huo akafafanua haraka kwamba mazoezi ya mwili yasiyo na mantra hayakatazwi. Indonesia ikafuata mwaka 2009 kwa kutenganisha vivyo hivyo: uimbaji na ibada havifai, viungo si shida. Saudi Arabia iliitambua yoga kama michezo mwaka 2017. Barua ya Vatikani ya mwaka 1989 kuhusu sala ya Kikristo haikuzikataa mbinu za Mashariki zote. Ilionya kwamba raha inayoletwa na mkao wa mwili isidhaniwe kuwa faraja ya Roho Mtakatifu.

Udhaifu wa hoja hii huanza pale inapokataa kwamba sehemu zinatengana. Kupumua mara sita kwa dakika hakuna dini. Lakini na upande wa pili una udhaifu, tena mkubwa: mwalimu anayesema "ni mazoezi tu" kisha akaanza kwa mantra na kufunga kwa salamu ya namaste bila kueleza maana yake amemnyima mtu haki ya kuchagua. Jimbo la Alabama nchini Marekani lilipiga marufuku yoga shuleni mwaka 1993, na lilipoiruhusu mwaka 2021 lilikubali mikao, likakataza mantra na namaste. Mtu anaweza kuona sheria hiyo ni kali mno, lakini angalau mzazi anajua mtoto wake atakutana na nini.

Wapo wanaosema muumini hahitaji hayo yote, kwa kuwa ana dhikiri, ana rozari, ana zaburi. Jaribio la Bernardi linawaunga mkono kwa sehemu. Ila nadhani tuwe waangalifu. Anayeleta dhikiri hailengi presha, na kuigeuza ibada kuwa kifaa cha kutuliza mishipa ni kuishusha. Zaidi ya hapo, mgonjwa wa wasiwasi anayeambiwa "zidisha sala" huondoka na mzigo wa pili: kwamba anaugua kwa sababu imani yake ni haba.

Mzigo ni wa nani?

Kuna hoja nyingine ambayo naona inasikika kidogo kwetu kuliko inavyostahili. Ronald Purser, katika kitabu chake cha mwaka 2019, alishutumu biashara ya kutafakari kwa kumfanya mtu aamini kwamba msongo wake uko kichwani mwake tu. Mwajiri anapunguza watu, anaongeza saa, halafu analeta mwalimu wa kupumua.

William Fleming wa Oxford alizipima dhana hizo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2024 alichambua majibu ya wafanyakazi 46,336 wa Uingereza katika mashirika 233. Waliojiunga na programu za ustawi za mtu mmoja mmoja, zikiwemo za kutafakari na za kustahimili msongo, hawakuwa na hali bora kuliko wenzao wasiojiunga.

Hoja ina mpaka wake. Foleni ya leo haitaondoka kwa sababu tumeandika sera nzuri ya barabara, na mtu ana haki ya kushusha mabega yake akiwa ndani ya foleni hiyohiyo. Lakini aliyecheleweshewa mshahara miezi mitatu anahitaji mshahara. Africa Yoga Project, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2007, imewafundisha vijana wa mitaa ya kipato cha chini kuwa walimu wa yoga. Kijana aliyepata nafuu kwa njia hiyo amepata mkeka, wenzake na riziki kwa pamoja, na ni vigumu kusema kipi kilimtuliza zaidi.

Pale inapodhuru

Husemwa kwamba hata isiposaidia haidhuru. Si kweli kwa wote. Mapitio ya mwaka 2020 yaliyoongozwa na Miguel Farias yalikuta kwamba takriban asilimia 8 ya wanaotafakari hupata athari mbaya, na wasiwasi wenyewe ni miongoni mwa zilizotajwa zaidi. Aliyepitia vita au ubakaji anaweza kufumba macho akakutana na alichokuwa anakikimbia. Mwenye mashambulio ya hofu kali anaweza kuogopeshwa na kule kuusikiliza moyo wake, na pumzi za haraka za baadhi ya aina za yoga huleta kizunguzungu na ganzi ya vidole vinavyofanana na shambulio lenyewe. Kwa mwili, mikao ya kichwa chini haimfai mwenye glakoma au presha isiyodhibitiwa.

Dhara kubwa zaidi, hata hivyo, ni la kuchelewa. Mtu ana ugonjwa unaotibika, anabadilisha walimu na programu za simu mwaka mzima, na kila moja ikishindwa anajilaumu.

Somo la Rhino Camp

Huko West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, wanaishi wakimbizi wa Sudan Kusini. Shirika la Afya Duniani na wenzake walijaribu hapo kozi iitwayo Self-Help Plus kwa wanawake 694 wa vijiji 14 vya makazi ya Rhino Camp, na matokeo yakachapishwa katika Lancet Global Health mwaka 2020. Hakukuwa na mkao wa kupinda mgongo wala neno la Kisanskriti. Wanawake waliketi kwa makundi, wakasikiliza sauti iliyorekodiwa katika Kiarabu cha Juba, wakafanya mazoezi ya kurudisha makini kwenye mwili na mazingira, wakazungumza, wakapewa kitabu cha picha. Vikao vilikuwa vitano, vya saa mbili, vikiongozwa na watu wasio wataalamu wa afya ya akili waliopata mafunzo mafupi. Miezi mitatu baadaye dhiki yao ilikuwa imepungua kuliko ya wale waliopata huduma ya kawaida. Haikupungua kwa mengi, lakini ilipungua, kwa watu waliokimbia vita na ambao umaskini wao ulikuwa palepale.

Jaribio hili linanishawishi kuliko mengine yote. Linajibu swali la muda, maana ni saa kumi kwa jumla. Linajibu swali la dini, kwa kuwa linaloweza kutenganishwa limetenganishwa mapema na wazi. Linajibu uhaba wa wataalamu. Tena halikumwacha mtu peke yake na mawazo yake. Lilimketisha na wenzake.

Kwa zahanati ya kawaida, hatua zake si ngumu. Amekuja mtu anayelalamika moyo kwenda mbio na vipimo vimetoka safi. Muuguzi anamuuliza kuhusu usingizi, na hofu imedumu tangu lini. Anauliza pia, mlango ukiwa umefungwa, kama nyumbani kuna anayempiga au kumtisha, na kama amewahi kufikiria kujidhuru. Ikiwa jibu la lolote kati ya hayo mawili ni ndiyo, zoezi la pumzi linasubiri na mtu anapelekwa panapostahili siku hiyohiyo. Ikiwa hapana, anafundishwa palepale kuweka kiganja juu ya kitovu na kuhesabu nne kwa sita. Anaambiwa afanye dakika tano asubuhi na tano kabla ya kulala, na kwamba vidonge vyovyote anavyotumia asiviache bila kuuliza. Kisha kwenye kadi yake inaandikwa tarehe ya kurudi, wiki nne mbele, ili kama moyo bado unakwenda mbio apewe rufaa na asiambiwe ajaribu tena.